Bakuli la Alhamisi

Kifurushi kilifika Jumatatu kutoka Uingereza, kimeviringishwa karatasi na plastiki ya mapovu mpaka nikadhani nimetumiwa mto. Nilikikatia kwenye meza ya jikoni hapa Stafford, nje ya Houston, na kabla sijafika katikati nilishautambua ule ukingo wa buluu. Lilikuwa bakuli la Bi Joan, lile zito la kuokea, jeupe ndani, lenye sikio moja lililomeguka. Barua ya mwanawe Simon ilikuwa imebandikwa kwa nje, ukurasa mmoja tu. Mama amefariki, aliandika. Alikuwa na miaka tisini. Aliagiza bakuli lije kwako, hakueleza sababu, alisema wewe utajua la kufanya. Nimeliosha vizuri. Nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Ni kweli aliliosha, liling'aa, wala hapakuwa na kitu ndani, hata pipi moja.

Bakuli limekaa juu ya jokofu langu siku tatu na mimi nimetoa daftari zangu za mwaka niliofanya kazi ya kumtunza. Niliishia darasa la saba, na daftari hizi nilizianza ili nisisahau maneno mapya ya Kiingereza na saa za dawa za Bi Joan. Mengine yaliingia yenyewe. Kwa hiyo nisiaminiwe sana. Mahali ambapo daftari linanipinga nitasema, na mahali ambapo sijui nitasema sijui. Maneno ya watu wa mtaa wake yalikuwa ya Kiingereza, nayaandika kama nilivyoyasikia moyoni, yaani kwa Kiswahili.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nakaa chumba kimoja na Wambui, nesi Mkenya aliyekuwa akifanya kazi hospitali moja upande wa Katy. Mimi sikujua kuendesha gari, na Houston asiyeendesha gari ni mzigo wa mtu mwingine. Wambui alinibeba kila asubuhi, nusu saa na zaidi ya barabara kuu, akila mkate huku ameshika usukani. "We Mwanaidi, uli-apply leseni ama ulisema tu?" aliniuliza kila tukifika kwenye foleni. "Mimi si mjomba wako wa kukubeba mgongoni." Halafu ananishusha mwanzo wa mtaa wenye nyumba za matofali zinazofanana kama mapacha, majani yamenyolewa, gereji zimefungwa, mtu haonekani. "Enda kwa wasungu wako," anasema. "Wasalimie malkia."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtaa ule uliitwa wa Waingereza hata na mleta barua. Bi Joan mwenyewe alinieleza siku ya kwanza, amekaa kwenye kiti chake cha jikoni chenye mto wa maua, nyonga yake imeshafanyiwa upasuaji na fimbo imeegemezwa ukutani. Mumewe alikuwa mhandisi wa mafuta. Kampuni iliwaleta kwa miaka mitatu, ikawa mitano, ikawa kumi na minane, mpaka mume akazikwa hukuhuku. Kwenye jokofu palikuwa na ramani ya mtaa aliyoichora kwa mkono wake, nyumba moja moja, na saba kati yake zina majina kwa wino: akina Collins ng'ambo ya barabara, akina Harris kwenye kona, na kadhalika. Siku za Jumatano, alisema, walikutana kwa chai, wakaletewa biskuti na mtu yeyote aliyetoka likizo nyumbani. "Sisi hatukuwa wahamiaji," aliniambia. "Tulitumwa." Nilikubali kwa kichwa. Nilijiuliza na mimi nilitumwa na nani, lakini sikuuliza.

Chai ndiyo ilikuwa vita yetu ya kwanza. Nilimpikia ya kwetu, maziwa na majani vimechemka pamoja, tangawizi imepondwa. Alionja, akaweka kikombe chini polepole kama kina moto. "Mwanaidi, mpenzi, hii ni nzuri sana. Lakini ni supu." Ya kwake ilikuwa maji yanayochemka juu ya kifuko, dakika nne kwa saa ya ukutani, kisha tone la maziwa baridi. Mimi niliiona kama maji ya kuoshea sufuria. Daftari langu la wiki ile limeandika: anaringa. Nalifuta leo. Mtu aliyezika mume ugenini ana haki ya kikombe kimoja anachokijua.

Alipozungumza kwenye simu na Simon kila Jumamosi, nilisikia kutoka chumba cha kufulia. "Siko peke yangu hata kidogo. Akina Collins wako hapo mbele. Akina Harris wako kona. Mwanaidi yupo." Basi mimi nikaamini. Asubuhi nikimwona bwana wa nyumba ya mbele anatoa pipa la taka, mrefu, mweusi, miwani, shati limepigwa pasi, nampungia mkono: "Good morning, Mr Collins!" Naye anajibu vizuri kabisa. Nilijisemea, Uingereza kuna weusi wengi, si jambo la ajabu. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Mpaka siku moja mkewe akavuka barabara na khanga yake kichwani, nasema khanga lakini ilikuwa kitambaa cha kwao, akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Dada, samahani. Mume wangu anataka kujua huyu Collins ni nani. Na mimi nataka kujua zaidi yake, kwa sababu kama ana jina lingine, basi huenda ana mke mwingine." Alikuwa Mama Chidi, Mnigeria, mfamasia. Mumewe alikuwa mhandisi wa mafuta kama marehemu wa Bi Joan. Walikuwa wameinunua nyumba ile miaka minne kabla. Nilitamani ardhi inimeze, lakini yeye alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilirudi ndani na kumwambia Bi Joan kwamba akina Collins wamehama. Alinitazama kwa huruma. "Najua wamehama, mwanangu. Wako Australia. Mimi si mjinga. Hilo ni jina la nyumba." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: akina Harris wamerudi kwao, wengine kampuni imewapeleka Malaysia, wengine wamefuata shule mpya mbali zaidi. Nyumba ya Harris sasa anakaa mzee Mvietnamu. Nyingine Wahindi, nyingine Wavenezuela, nyingine Mteksasi mwenye boti. Kati ya majina saba ya wino lililobaki ni lake peke yake. Wambui nilipomsimulia alipiga usukani. "Walihama juu waliona majirani weusi! Wewe huoni?" Huenda wapo waliohama hivyo. Sina ushahidi, na mtu asiyekuwepo siwezi kumwapia. Ninachojua ni kwamba mimi na Wambui tulikaa jengo moja na Wakenya sita, Wakongo wawili na Mtanzania wa Mbeya, tukikopeshana unga wa ugali, na nyumba ya Wamarekani iliyokuwa karibu na sanduku la barua sikuwahi kujua wanaitwa nani.

Simon alikuja mwezi wa sita. Mtu mpole, anatoka jasho, anasema samahani kwa milango. Bi Joan alipokuwa amelala mchana alinifuata jikoni, akajimiminia maji, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Niambie ukweli. Wewe unaondoka saa kumi. Akianguka saa kumi na moja, ni nani atakayejua? Mama anamfahamu nani hapa?" Nilikuwa nakausha kikombe. Nilifikiri majina ya wino, nikafikiri mlango ambao haujagongwa tangu nimeanza kazi. Nikasema, "Hakuna." Alishusha pumzi kama mtu aliyetua begi. Jioni ile alimwambia mama yake kwamba atarudi Desemba, na kama mambo yako vilevile, nyumba itauzwa naye atamchukua.

Asubuhi yake Bi Joan hakunywa chai. Alikaa anatazama ramani. "Ulimwambia hakuna."

"Nilimwambia kweli, Bibi."

"Ndiyo. Ndicho kinachoniudhi." Mashine ya kukatia majani ilikuwa inalia nyumba ya tatu. "Sitaki kwenda, Mwanaidi. Yeye yuko hapa," akaonyesha upande wa makaburi, ambao ulikuwa pia upande wa duka kubwa na barabara kuu. "Desemba. Tuna miezi sita ya kuufanya ule ukweli wako uwe uongo."

Hivyo ndivyo bakuli lilivyoshuka kabatini. Yeye alielekeza kwa fimbo na mimi nikakata matufaha, nikasugua siagi na unga na sukari mpaka vikawa kama mchanga, nikafunika, nikaoka. Nyumba ilinukia vizuri, nalikiri. "Peleka kwa akina Collins," alisema. Nikauliza, "Kwa Mama Chidi?" Akasema, "Kwa Mama Chidi," kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu. Lakini kabla sijatoka akanishika mkono. "Hatapokea. Hanipendi. Walipohamia tu aliniletea chakula, wali mwekundu mkali sana. Nilikula nikalia machozi. Nikaosha chombo chake mpaka kikang'aa, nikaandika kadi ya shukrani, nikampelekea siku ileile. Tangu siku hiyo hata salamu hanipi."

Nilisimama na bakuli la moto mikononi. "Bibi, chombo ulikirudisha kitupu?"

"Kisafi," alisema.

Nani angeweza kubuni jambo kama hilo? Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu, utatia chumvi, utatia ndimu mbili. Kukirudisha kitupu ni kusema: umenipa, nimekula, tusijuane. Na kwao Waingereza kukikalia chombo cha mtu, au kukirudisha na mabaki ya jikoni kwako, ni uchafu. Heshima ni kukiosha. Miaka minne wanawake wawili wenye adabu walinuniana kwa sababu kila mmoja alikuwa na adabu. Nilivuka barabara nikamweleza Mama Chidi mlangoni, nikichanganya Kiingereza changu cha kuokoteza. Alinisikiliza huku amekunja uso. "Yaani aliosha kwa heshima?" Nikasema ndiyo. "Na ile kadi?" Nikasema ilikuwa shukrani. "Mimi nilidhani ni risiti," alisema. "Nilimwambia mume wangu, huyu mama mzungu ametufungia akaunti." Alifunua kitambaa, akanusa, akakata kipande palepale kwa kidole.

Alhamisi iliyofuata bakuli lilirudi na wali mwekundu. Bi Joan alipouona alisema kwa huzuni, "Hakupenda matufaha yangu, ameniletea badala yake." Ikabidi nieleze tena tangu mwanzo. Alikula, akalia machozi, akaongeza. Kisha ilimbidi ajaze bakuli tena, na mimi nikasema kwa nini lirudi kwa mtu yuleyule, lipite kona. Kwa hiyo likaenda kwa Mzee Tran, yule Mvietnamu wa kona, mjane, aliyekuwa akitumia siku nzima kwenye bustani yake amevaa kofia pana. Hakusema neno zaidi ya "asante". Bakuli lilirudi limejaa matunda ya rangi ya chungwa, laini kama jeli, ambayo hadi leo sijui jina lake kwa Kiswahili. Likaenda kwa Wahindi. Likaenda kwa Wavenezuela. Liliniponyoka kwenye ngazi yao, sikio likameguka, nikakiokota kipande nikilia, na Bi Joan akasema, "Sasa lina alama, halitaibiwa." Kila Alhamisi saa nne asubuhi bakuli linabadilisha nyumba, na yeye akawa anaenda nalo mwenyewe, mimi nimemshika kiwiko, fimbo inagonga lami. Alichukua penseli akaandika majina mapya kwenye ramani chini ya yale ya wino. Hakuyafuta ya zamani. Nilipomuuliza alisema, "Nao walikaa."

Nisiufanye mtaa kuwa pepo. Mteksasi wa boti alipokea mara moja, akala, akasahau. Tulikuta bakuli gerejini kwake lina misumari. Bi Joan aliendelea kusema "hawa watu wapya" hata kwa watu waliokaa miaka kumi. Mama Chidi alimsema Mhindi, Mhindi akamsema Mvenezuela kwa kuegesha gari vibaya. Na siku moja nilimsikia Bi Joan akimwambia Simon kwenye simu kwamba chakula cha jirani "kinakuja na harufu hadi kwenye mapazia", halafu akakata simu na kuuliza Alhamisi ni lini.

Desemba, juma moja kabla Simon hajafika, siku yangu ya mtihani wa kuendesha gari iliangukia Alhamisi. Nilitaka kuiahirisha. Bi Joan alikataa. "Utabebwa mpaka lini? Nenda. Utakuwa hapa saa sita. Nitakaa kwenye kiti kama gunia." Nilimwandalia kila kitu karibu. Bakuli lilikuwa mezani tayari, limejaa, limefunikwa, zamu ya Mzee Tran. Nilisema nitalipeleka nikirudi. Nilifaulu mtihani saa nne kamili. Nilipokuwa napigwa picha ya leseni, nikiambiwa nisicheke, Bi Joan alikuwa chini kwenye sakafu ya jikoni. Alitaka kulipeleka mwenyewe, asichelewe.

Mzee Tran alikuwa amesimama kwenye bustani yake tangu saa nne. Haya alinisimulia baadaye kwa maneno machache sana. Saa nne halikuja. Saa nne na robo halikuja. "Yeye ni Mwingereza," alisema. "Hachelewi." Akavuka, akabonyeza kengele, akazunguka nyuma, akaweka mikono kwenye kioo cha dirisha la jikoni, akaona kiatu, akakimbilia ng'ambo kwa Mama Chidi. Mama Chidi alikuwa na ufunguo, Bi Joan alishampa tangu Oktoba bila kuniambia. Walipoingia alikuwa macho, nyonga ya pili imevunjika, na neno lake la kwanza, kwa mujibu wa Mama Chidi, lilikuwa: "Bakuli halikuvunjika?" Halikuvunjika. Lilikuwa mezani bado.

Simon alikuja mapema kuliko alivyopanga. Alitukuta kwenye ukumbi wa hospitali, sisi sote: Mama Chidi na koti lake jeupe la kazini, Mzee Tran na kofia magotini, mama wa Kihindi na chupa ya chai iliyochemka na maziwa, kama supu yangu. Wambui alipanda kutoka wodi yake wakati wa mapumziko, akamtazama kila mtu, akaninong'oneza, "Na hawa ndio wasungu wako?" Simon alisalimia mmoja mmoja. Kisha akanivuta kando kwenye mashine ya soda.

"Uliniambia hakuna mtu."

"Wakati ule hakukuwa na mtu."

"Wamempata ndani ya nusu saa kwa sababu pudini ilichelewa?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Basi nakuuliza tena, na nitafanya utakachosema, kwa sababu wewe hukunidanganya mara ya kwanza. Anaweza kuendelea kukaa pale?"

Kupitia mlango nilimwona Bi Joan kitandani, mdogo kuliko mto wake. Alikuwa ananitazama. Alijua naulizwa nini. Ningeweza kusema ana majirani, na ingekuwa kweli. Ningesema wana ufunguo, na ingekuwa kweli. Miezi sita alifanya kazi kwa ajili ya jibu hilo moja. Lakini nilikuwa nimeunyanyua mwili ule kila siku, naujua uzito wake unavyoongezeka, na nyonga ya pili haikuwa ya mchezo. Nikasema, "Hapana. Hawezi."

Aliniita baadaye. Niliketi. Alichukua mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akaniuliza kama nilifaulu. Nikamwonyesha leseni. Aliitazama kwa mbali, bila miwani. "Unaonekana kama jambazi," alisema. Kisha: "Wewe na ukweli wako, Mwanaidi." Hakuuachia mkono wangu. Nimelibeba neno hilo miaka kumi na sita, na bado sijui kama lilikuwa lawama. Daftari la siku ile lina mstari mmoja tu: nimefaulu mtihani.

Alirudi Uingereza Januari. Bakuli alilipakata mapajani hadi uwanja wa ndege. Alinipigia simu miaka yote, kila mwaka sauti inapungua. Alikopelekwa, mji wa kwao kabisa, aliniambia jirani wa kushoto ni Mpolandi na wa kulia ni mama kutoka Mombasa. "Nilimpelekea matufaha," alisema. "Unajua alichonirudishia? Kilikuwa cha nazi. Sikumwuliza kwa nini." Alikuwa anacheka.

Sasa Simon ameniletea bakuli tupu. Jumatatu nilikasirika kidogo. Jumanne nikakumbuka: kisafi. Mtoto wa watu ameliosha mwenyewe, ameliviringisha kama yai, kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake kabla mama hajajifunza nyingine. Leo Alhamisi nimeamka nikasaga mchele na nazi na iliki, nikamimina, nikaoka mkate wa kumimina humohumo. Nikaendesha mwenyewe hadi Katy, bakuli limefungwa mkanda kiti cha pembeni. Mzee Tran alifariki. Mama Chidi yupo, amekuwa mnene, nywele nyeupe. Alifungua mlango akatazama bakuli kabla hajanitazama mimi. Aliweka kidole kwenye lile sikio lililomeguka, akakiacha hapo.

"Lini?" aliuliza. Nikamwambia. Mvuke wa mkate ulikuwa unapanda kati yetu.

"Ingiza ndani, dada, kinapoa," alisema, halafu akabadili mawazo. Akatazama ng'ambo, kwenye nyumba yenye matofali yaleyale, ambako mwanamke nisiyemjua, amejifunga mtandio, alikuwa anamwagilia maua. "Hapana. Lianzie kule. Nyumba ya Joan."

"Wanaitwa nani?"

Mama Chidi aliendelea kumtazama yule mwanamke. "Wana miaka mitatu hapo," alisema polepole. "Mimi nasema nyumba ya Joan."

Nilimpa bakuli alishike upande wa sikio zima, mimi nikashika upande wa pili, tukavuka barabara.